Miche Juu ya Mtaro

Kwa miaka ishirini na tisa alikuwa nyapara wa kikosi cha mitaro, na jina la Beleshi alipewa na watu wake kumi na mmoja, maana hakumwachia mtu beleshi lake hata akienda kunywa maji. Kila mwaka, mwezi mmoja kabla ya mvua, walishuka mtaroni, wakazoa tope kutoka juu ya soko hadi mtoni, naye akapita nyuma yao na kijiti. Kijiti kisipogonga saruji, mtu anarudi kuchimba. Siku hizo hata mkubwa wa idara alivaa viatu vya mpira. Kisha kikosi kikavunjwa. Tope likajaa, majani yakaota juu yake, na wapangaji wapya wakadhani pale ni uwanja.

Mvua za mwaka jana ziliingia chumbani kwa dada yake, kwenye jengo lililopakana na mtaro, chini kabisa. Miguu ya dada huyo haina nguvu. Majirani walimkuta amekaa kitandani, maji kifuani, ameng'ang'ania nondo za dirisha.

Kwa hiyo ulipotangazwa mkutano wa tabianchi katika ukumbi wa shule, Beleshi alioga, akavaa koti, akawahi kiti cha mbele. Alitaka kitu kimoja tu: mtaro uzibuliwe kabla ya mvua.

Mtaalamu alikuwa kijana mpole. Aliwaonyesha ukutani picha za barafu inayoyeyuka upande wa pili wa dunia. Alisema "ustahimilivu" mara nyingi hata muuza nyanya mmoja akaanza kuhesabu kwa vidole.

Beleshi akasimama. "Bwana mdogo, mtaro wa nyuma ya soko unazibuliwa lini?"

"Asante sana mzee, mchango mzuri. Hilo ni la idara nyingine. Leo tunajenga uelewa."

"Uelewa tunao. Dada yangu ulimfika kifuani."

Watu wakacheka. Mtaalamu hakucheka. "Mzee, mafuriko yale yaliletwa na mabadiliko ya tabianchi. Au wewe huyaamini?"

"Nayaamini kuliko wewe. Mvua imezidi, nimeiona kwa macho yangu. Sasa mvua ikizidi, mtaro unachimbwa zaidi au unaachwa ujae?"

Kipaza sauti kikahamia kwa mtu mwingine.

Baadaye wakatoka nje kupanda miti, na mahali palipochaguliwa, kwa kuwa palikuwa wazi na udongo wake laini, ni juu ya mtaro. Miche arobaini, mistari miwili, kila mmoja na kibao cha jina la aliyeupanda. Beleshi aliwaambia. Wakampa kofia.

Jumamosi asubuhi alikwenda na beleshi lake. Aling'oa mche wa kwanza taratibu, pamoja na mizizi yake, akaulaza kivulini juu ya gunia lililoloweshwa. Hakufika wa tano. Simu zilikuwa zimeshainuliwa.

"Huyu hapa adui wa mazingira," kijana mmoja alisema, akiisogeza simu yake karibu. "Sema kitu, babu."

"Shika beleshi, nitasema."

Kijana hakushika. Kufikia adhuhuri Beleshi alikuwa ofisini kwa mwenyekiti wa mtaa, akitia sahihi ahadi ya kutogusa miche tena. Alipotoka, wingu lilikuwa limeshashuka juu ya mapaa.

Alikwenda moja kwa moja kwa dada yake.

"Twende kwangu."

"Kwako ghorofa ya nne, kaka. Nibebwe mgongoni kama gunia la mkaa, huku watoto wananipiga picha? Siendi."

Alimjua, hakubishana. Aliokota matofali nje, akayapata kumi na mawili, akainua kitanda mguu mmoja mmoja, matatu kila mguu. Mstari wa tope wa mwaka jana ulikuwa bado ukutani, kiganja kizima juu ya godoro lililoinuliwa.

"Yanatosha?" dada aliuliza.

"Yanatosha."

Akavuta kigoda, akaketi mlangoni. Upande wa soko mvua ilikuwa imeanza.