Mbwa wa Shemeji na Kigae cha Moto

Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, nje kidogo ya Bariadi, nyumba zilipangwa mistari kama matuta ya pamba. Waliopanga walidhani watu wakikaribiana upweke unakwisha. Mimi nilikuwa mjane, binti zangu wameolewa mbali, na katika mstari ule mzima aliyebisha hodi kwangu alikuwa mtu mmoja tu: mama wa nyumba ya pili, mjane mwenzangu.

Alikuja kila alfajiri kuomba moto. Viberiti vilikuwa haba dukani, na mimi nilikuwa hodari wa kuulaza moto: nafukia makaa kwenye jivu, asubuhi nayakuta hai. Aliingia na kigae cha chungu mkononi, akaniamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," akaketi, tukawasengenya kidogo viongozi wa kijiji, kisha akaondoka na makaa yake. Baada ya hapo sikuongea na mtu hadi kesho yake.

Kiangazi kilipokaza, shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, aliamua kuswaga ng'ombe hadi pande za Kimali kutafuta malisho. Jioni moja aliniletea mbwa wake, dume jeusi la kifua kipana, akamfunga kwa kamba ya katani kwenye nguzo ya mlango wangu.

"Shemeji, unakaa peke yako. Huyu atakulinda."

"Anauma?"

"Mpe ukoko wa ugali tu. Hana neno."

Asubuhi yake jirani alikuja na kigae chake. Mbwa alimnusa, akatikisa mkia. Nilifurahi, nikasema moyoni sasa tumekuwa watatu. Tuliongea, tukacheka, nikamjazia makaa. Alipotoka tu, mbwa aliruka, kamba ikakatika, akamng'ata shavu la mguu na kuning'inia hapo. Makaa yalimwagika mlangoni. Nilimpiga yule mbwa kwa mchi mpaka akaachia.

Jirani tulimpeleka zahanati kwa baiskeli ya kuazima. Mganga aliuliza, "Mbwa wa nani?"

Jirani alinielekezea mdomo. "Wa huyu."

Nilitaka kusema siyo wangu, lakini alifungwa mlangoni kwangu na alikula ugali wangu.

Hakuja tena. Nilimpelekea uji, akapokea kwa adabu zote, akanipa kigoda, akaniuliza habari za mvua. Adabu ile iliniumiza kuliko kama angenitukana. Moto alianza kuomba kwa watu wa mstari wa nyuma, akichechemea na kigae chake, akizunguka ili asipite mbele ya mlango wangu.

Mvua zikanyesha, shemeji akarudi amenenepa. Nilimweleza. Hata hakushtuka.

"Huyo mama alikuwa amebeba moto?" akauliza.

Nikamtazama. "Umejuaje?"

"Siku ile mgambo wanachoma nyumba zetu kule tulikotoka, ili tuhame, mbwa huyu alikuwa amefungwa zizini. Tangu hapo hataki kuona mtu na moto mkononi. Hata mke wangu ameshaumwa naye."

"Na hukuniambia!"

"Ningekuambia, shemeji, ungempokea?"

Nilishikwa na hasira. Nilimwambia aende kwa yule mama, ayaseme maneno hayo hayo kwa kinywa chake, maana nikienda mimi itakuwa najitetea. Akasema ataenda, haraka ya nini. Akamfungua mbwa wake, akashika njia ya lamboni kunywesha ng'ombe. Nilimngoja siku nyingi. Kila tulipokutana alisema, "Nitaenda."

Mimi niliendelea kulaza makaa mengi kuliko mahitaji yangu, na kuamka mapema kuacha mlango wazi. Mbwa hakuwepo tena na kila mtu alijua. Asubuhi moja nilitoka nje nikaona moshi unapanda kwa jirani, nyumba ya pili, kabla ya wangu. Niliambiwa mkwewe amemletea kiberiti kutoka mjini.