King'ora Ahamia Nyuma ya Gari

Kwa miaka kumi na sita King'ora aliendesha gari la wagonjwa bila kugusa mgonjwa hata mmoja. Jina hilo alipewa na wenzake. Siku moja king'ora cha gari kiliharibika katikati ya safari, naye akatoa kichwa dirishani, akalia "wiii-waaa" kwa koo lake mwenyewe mpaka mlango wa hospitali, na magari yakampisha.

Udereva aliumudu. Kilichomkera ni kwamba mambo yote yalitokea mgongoni mwake. Kuna mama aliwahi kujifungulia humo humo garini. King'ora alisikia kichanga kinalia, akasikia wahudumu wanashangilia, na yeye akaambulia kutazama makalio ya lori la mchanga lililokuwa mbele yake. Aliporudi nyumbani alimwambia mkewe, fundi cherehani, "Mama watoto, nataka kukaa nyuma."

"Nyuma ya nini?"

"Ya gari. Nitasomea cheti cha mhudumu wa dharura."

Mkewe alitoa pini mdomoni. "Na miaka arobaini na tisa hiyo?"

"Elimu haina mwisho."

"Elimu haina. Kichwa chako je?"

Mtihani wa maandishi aliupita, ingawa kwa mbinde. Wa vitendo ndio uliomtoa jasho. Alipewa mdoli wa mpira aliyelala sakafuni, akaambiwa aongee naye kama mgonjwa na aseme kwa sauti kila anachofanya. King'ora akapiga magoti. "Baba, unajisikiaje?" Akasubiri. Akasubiri tena. Mwishowe akamgeukia mtahini, akanong'ona, "Samahani, bwana mkubwa, nadhani hataki kuongea na mimi." Muda ukaisha. Akaambiwa arudi baada ya wiki sita.

Wakati huo mama mkwe, mwalimu mstaafu wa miaka sabini na mmoja, alikuwa amehamia kwao kwa muda, paa la nyumba yake likitengenezwa. Alisikiliza habari za mdoli mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Tatizo lako, baba, ni kukosa mgonjwa anayejibu. Nitakuwa mimi."

"Mama! Mimi nikushike wewe, mkwe wangu?"

"Nikianguka kweli utasimama pembeni kwa heshima? Lete hizo bendeji."

Kumbe mama wa watu alikuwa na kipaji. Jumatatu aliugua pumu. Jumanne aliumwa na nyoka chini ya kochi. Alhamisi alijifungua mapacha, na mmoja wao akagoma kutoka mpaka aletewe chai. King'ora alikuwa akiuliza maswali ya kitabuni, naye anajibu apendavyo.

"Maumivu yalianza lini, mama?"

"Siku binti yangu alipokuleta nyumbani."

"Mama, jibu kama mgonjwa."

"Hivi ndivyo wagonjwa wanavyojibu. Na glavu hujavaa. Umeshaambukizwa, umeshakufa, tumeshakuzika. Rudia!" Kisha anamwekea alama kwa kalamu nyekundu.

Jumamosi mchana zamu ilikuwa ya mtu aliyeanguka kutoka kwenye ngazi. Mama alijipaka sosi ya nyanya kwenye paji la uso, tena kwa ukarimu. King'ora akamzungushia taulo shingoni, akamfunga mguu kwa rula ndefu ya fundi cherehani, halafu akamfunga mzima mzima kwenye ubao wa kupigia pasi asitikisike. Alikuwa anainama na mkasi akate bendeji ya kichwa pale muuza maziwa alipobisha hodi, akaingia bila kungoja jibu, kama kawaida yake.

Muuza maziwa alikuwa pande la mtu, na zamani alifundishwa na mama huyo huyo. Alichokiona ni mwalimu wake amelala kwenye ubao, kafungwa, analowa wekundu, na mkwewe kamsimamia na mkasi.

"Umemuua mwalimu!" alisema, macho yakamgeuka, akaanguka kama gunia la mahindi. Paji lake likagonga fremu ya mlango, na maziwa yakatapakaa sebule nzima.

King'ora akatupa mkasi. Halafu mdomo ukafunguka wenyewe. "Eneo si salama, sakafu inateleza! Mama watoto, tambara! Glavu ninazo. Kaka, unanisikia?"

"Mmh," akasema muuza maziwa.

"Amejibu!" King'ora alipiga kelele kwa furaha iliyoshtua jirani wa pili. Akaangalia pumzi, akapima mapigo, akakandamiza jeraha kwa kitambaa safi, akamwekea mto chini ya miguu.

"Na mimi je?" sauti ikatoka kwenye ubao. "Mimi ndiye niliyetangulia!"

"Subiri, mama. Hali yako si mbaya."

"Si mbaya? Nimevunjika shingo!"

"Anayegomba anapumua. Sheria ya kitabuni hiyo."

Muuza maziwa akafumbua jicho moja. "Mwalimu yu hai?"

"Yu hai," akajibu mwalimu, "na anauliza kitabu cha maktaba ulichoazima darasa la tano kiko wapi."

Muuza maziwa akalifumba jicho upesi.

Alishonwa nyuzi tatu zahanati, na daktari aliuliza ni nani aliyemfunga vizuri namna ile. King'ora alipoambiwa hivyo, kwa raha aliyokuwa nayo hakulala usingizi wa mchana siku mbili.

Siku ya mtihani alipiga magoti mbele ya mdoli yule yule. "Baba, unajisikiaje? Kifua? Tangu lini? Tangu upate mkwe? Pole sana, baba, hilo tutalizungumza njiani. Sasa napima mapigo." Mtahini alijifunika uso kwa fomu, mabega yanamtetemeka. Matokeo yalikuja na alama themanini na mbili, na chini yake maandishi: "Anaongea kupita kiasi, lakini mgonjwa amepona."

Wiki iliyofuata King'ora alipanda nyuma ya gari kwa mara ya kwanza, sare imenyooshwa, na bibi mmoja aliyeteguka nyonga. Usukani ulikuwa kwa dereva mpya, binti mwepesi wa kona. Kona ya kwanza King'ora akanyamaza. Ya pili akawa rangi ya majivu. Ya tatu bibi mwenyewe ndiye aliyenyoosha mkono akachukua mfuko, akamshikilia, huku akimpapasa mgongo. "Toa yote, mwanangu. Vuta pumzi polepole. Hivyo hivyo."

Gari likasimama. Muuguzi akafungua mlango, akawatazama wote wawili, kisha akamshika King'ora mkono amteremshe.

"Mgonjwa ni mimi," bibi akasema. "Lakini anzeni na huyo, mimi naweza kusubiri."