Betri Iliyoanikwa Juani

Mpwa wangu amejipa kazi ya kunifundisha betri ya simu. Shangazi, usiiache kwenye chaji usiku kucha. Shangazi, usingoje izime. Shangazi, mbona umeiweka dirishani, huoni jua? Namwacha aseme, maana ukimkatiza anaanza upya. Hajui kwamba mimi somo la betri nililipata miaka ya tisini, nyumbani kwetu Ekerenyo, wakati nguzo za stima tulizijua kwa ahadi za wanasiasa tu.

Nilikuwa nafundisha shule moja karibu na Sironga. Mwalimu mgeni aliyejitolea pale, alipofunga virago kurudi kwao, aliniachia kompyuta yake kuukuu ya kupakata, nzito kama jiwe la kusagia wimbi. Shule haikuwa na stima. Ilikuwa na jenereta, na jenereta ilikuwa na karani, na karani hakutaka hata kuombwa. Basi kila wiki nilishuka Kisii mjini kuichaji betri katika duka la familia moja ya Kihindi waliouza redio na cherehani.

Mwenye duka alikuwa mzee mpole wa miwani mizito. Siku ya kwanza aliichomoa betri, akaipima uzito mkononi, akaniambia, "Mwalimu, hii si ya gari. Itumie mpaka izime yenyewe, ndiyo uilete. Ukiichaji ikiwa nusu, itazoea nusu. Na usiipe joto. Joto litaiua."

Nikayashika hayo kama masharti ya mganga, ingawa sisi ni Wasabato na mganga hatumjui. Nisipoitumia niliichomoa, nikaifunga kwa kitambaa, nikaiweka kwenye kabati la mbao mahali pa baridi. Hata hivyo ilikuwa imezeeka tangu kwa mwenyewe. Mwanzoni ilinipa saa mbili hivi, na miezi ilivyokwenda ikawa inapungua.

Nilikuwa naihitaji kwa ajili ya baba. Tulikuwa tumetoka kumzika jirani mmoja ambaye tangu nizaliwe sikumwona akiamkiana na mtu bila kugombana naye. Kaburini akasifiwa kwa upole, kwa subira, kwa kupatanisha watu. Tukirudi nyumbani baba akasema, "Wamemzika mtu mwingine." Kabla hatujafika langoni alikuwa ameshaamua. Historia yake ya kusomwa siku ya maziko angeisema mwenyewe, akiwa hai, nami ningeiandika kwa mashine.

Nilimwambia kalamu na daftari vingetosha. Akakataa katakata. Karatasi, alisema, huliwa na panya na huongezewa maneno na ndugu. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu wa mtoto wa jicho, hakuweza kuona nilichoandika, lakini mlio wa vibonye aliusikia na aliuamini. Vikinyamaza alidhani nimepitwa, akarudia sentensi nzima. Alisema kwa Ekegusii, mimi nikaandika kwa Kiswahili, ili wageni wa kutoka mbali nao wasidanganywe.

Nilikuwa nafika Ijumaa kabla jua halijazama, tunaishika Sabato, na Jumapili mchana tunakaa barazani. Baba kwenye kiti chake, mimi na mashine mapajani, mama kwenye kigoda akipura maharagwe au akichagua wimbi. Baba alikuwa na mpango wake, na baba akiwa na mpango hata ng'ombe wanajua. Kwanza ukoo, halafu kazi, halafu kanisa, mwisho nyumba. "Mambo ya nyumbani hayakimbii," alisema.

Ukoo ulikula wiki nne. Kazi yake kwenye kituo cha kununulia chai ikala nyingine nyingi, kwa sababu alikumbuka kila mkulima aliyewahi kutia maji kwenye majani ili mzani upande, na hakutaka hata mmoja asahaulike. Nikimsukuma aende mbele ananiambia mvumilivu hula mbivu. Kila Jumapili, akiwa katikati ya kisa, kioo kilififia, nikasema, "Baba, betri imeisha," naye akasema, "Basi tutaendelea." Nikihesabu, naona alikuwa anasimulia kidogo zaidi kila wiki, na yeye mwenyewe hakujua.

Jikoni mama aliniuliza swali moja tu kila wiki. "Amefika wapi?"

"Amefika kwenye mzani mpya."

"Mzani." Anageuza sufuria. Wiki nyingine nikamwambia amefika kwenye ujenzi wa kanisa. Akauliza, "Kanisa lilijengwa nikiwa nimeshaolewa. Amepita hapo?" Nikamweleza kwamba nyumba iko mwisho. Akasema sawa, na nikamwamini, kwa sababu mama neno sawa alilitumia kwa kila kitu, njaa, mvua ya mawe, hata msiba.

Sasa, kwetu kila mtu alijua la kufanya mawe ya redio, zile betri zake ndogo, yakichoka. Unayatoa, unayaanika juani kwenye mabati, na jioni redio inasema tena, kwa sauti ya mgonjwa lakini inasema. Mama alikuwa bingwa wa hiyo kazi. Matangazo ya vifo ya redio hakuyakosa hata siku moja, na jozi moja ya mawe aliifufua mpaka majirani wakamcheka.

Jumapili moja ya kiangazi nilikwenda kisimani, nikarudi, nikafungua kabati. Kitambaa kilikuwepo, betri haikuwepo. Nikazunguka nyumba. Nyuma ya jiko, kwenye kipande cha bati, palikuwa na mawe manne ya redio yamepangwa vizuri, na kando yao betri yangu imelala chali. Nilipoigusa niliitupa. Nikaichukua tena kwa kanga. Plastiki ilikuwa imevimba ubavuni.

Nilifungua mdomo na maneno yalikuwa tayari, na mimi maneno yakiwa tayari huwa hayarudi. Mama akatokea mlangoni akijifuta mikono, uso umemchangamka.

"Imepata moto?" aliuliza. "Niliigeuza mara mbili, ipate pande zote."

"Mama, nani alikwambia uianike?"

"Ya redio huamka. Nikaona hii yako kila wiki inalala mapema, hata baba yenu hajamaliza." Akaangalia chini, akaondoa ganda la haragwe kwenye nguo yake. "Nilitaka ifike."

"Ifike wapi?"

"Kwangu," alisema.

Miezi yote hiyo nilidhani ninamwandikia baba. Kumbe kulikuwa na mtu mwingine aliyekaa kwenye kigoda Jumapili baada ya Jumapili, akisikiliza ukoo, mzani na kanisa, akingoja kuona kama yumo katika maisha ya mume wake. Nilimwonea huruma, na hasira niliyokuwa nayo ikahamia kwa baba na mpango wake.

Niliiacha betri ipoe, nikaipachika. Mashine iliwaka, lakini kile kialama cha nguvu kilikuwa kinashuka nikikitazama. Nilijua haitachajika tena Kisii. Yule mzee wa duka aliwahi kuniambia kwamba ikifa hatapata nyingine, wala Nairobi, kwa kuwa hata kwa waliozitengeneza zilikuwa zimepitwa na wakati.

Nikaenda barazani mbio. Baba alikuwa ameshakaa, amekohoa, yuko tayari. "Tulikuwa kwenye madirisha ya kanisa," alisema.

"Baba, leo betri ni mgonjwa. Ina dakika chache, na baada ya leo sidhani itaamka. Anza na nyumba."

"Madirisha hayajaisha."

"Madirisha ya kanisa yana kanisa zima la kuyasema. Nyumba ina wewe peke yako."

Sikuwa nimewahi kumsemesha hivyo. Mama alikuwa ameketi na ungo wake, ameinamia maharagwe, mikono imesimama. Baba aligeuza kichwa kuelekea upande wake. Hakuweza kumwona vizuri, lakini alijua kigoda kilipo.

"Andika," alisema hatimaye. "Mwaka nilipolazwa Kisii kwa kifua, nilikaa huko msimu mzima wa chai. Nilidhani nitarudi nikute watoto wametawanyika na shamba limekodishwa. Nilirudi nikakuta chai imepaliwa, ng'ombe ameuzwa kwa bei nzuri, mwingine amenunuliwa, na mtoto mkubwa yuko shuleni." Vibonye vilikimbia. "Watu walinipongeza njiani. Walisema, mzee, hata ukiwa kitandani unaongoza boma lako. Sikuelewa. Halafu nikajua. Kila alichoamua, mama yenu aliwaambia watu, baba watoto amesema. Ng'ombe auzwe, baba watoto amesema. Na mimi nilikuwa nimelala pale sijui hata siku ni ipi."

Hapo kioo kilizima. Hakikufifia kama siku zote, kilikata ghafla, kikawa cheusi, nikauona uso wangu ndani yake. Vidole vyangu vikasimama. Baba naye akakatiza maneno, kichwa kimeinama, akisikiliza.

Nikamtazama mama. Alikuwa amekiona kioo. Aliinua mkono kutoka kwenye ungo, akapiga hewa kwa vidole, taratibu, kama mimi ninavyopiga vibonye.

Nikaanza tena kupiga. Nilipiga herufi zozote, juu ya mashine iliyokufa.

"Andika kwamba sikuwahi kusema chochote," baba aliendelea, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Andika kwamba nilizipokea zile pongezi, nikazivaa kama koti langu, na yeye akaniona nikizivaa, na akanipikia. Mpaka leo hajaniambia koti ni lake. Mimi nilipomcheka yule jirani kwamba amezikwa mtu mwingine, nilijua ninachosema." Akatafuta pumzi. "Umeandika hilo?"

Mama, mke wa mzee wa kanisa, ambaye sijawahi kumsikia akidanganya hata mtoto kwamba dawa si chungu, alijibu kabla yangu.

"Ameandika," alisema. "Endelea."