Mtandao wa Nyumba ya Marehemu Bernado

Mwalimu Hyasinta hakuwa mtu wa kuhangaikia mtandao. Alifundisha shule za Butiama miaka mingi kwa chaki na ubao, akastaafu akiwa mwalimu mkuu, akarudi Makoko, Musoma, kwenye nyumba aliyoiacha marehemu mumewe Bernado. Bernado alikuwa mtu wa Mugango, mpole, mwenye suti mbili na jina moja safi. Suti alizikwa na moja. Jina alimwachia mkewe, naye alilitunza kama watu wanavyotunza shamba la mpakani: kila asubuhi anatoka kuangalia kama kuna aliyesogeza jiwe.

Safari hii jiwe lilisogezwa na Mama Jilala, jirani wa nyumba ya tatu. Binti mdogo wa Hyasinta, Gloria, alikuwa kwa masista huko Italia mwaka wa sita sasa. Mama Jilala alisimama kisimani, ndoo ikijaa na kumwagika, akasema hivi: "Mimi sijui, ila nasikiaga huko Ulaya wasichana wetu wanaitwa masista wakifika, halafu baadaye wanaosha wazee majumbani. Wengine wana watoto kabisa. Simsemi mtu."

Hakumsema mtu, lakini hadi jioni maneno yalikuwa yameshuka mpaka Mwigobero, kwa wauza dagaa, na yakarudi yamenenepa: Gloria ana watoto wawili, tena mapacha.

Hyasinta hakugombana. Kugombana kisimani si kazi ya mwalimu mkuu. Alisubiri siku ya jumuiya, sala zikaisha, kikafika kipengele cha matangazo, akasimama. "Jumapili ijayo Sista Gloria anaweka nadhiri zake za daima. Misa itaonyeshwa moja kwa moja. Wote mnakaribishwa nyumbani kwangu, tutaiona kwenye televisheni, na chakula kitakuwepo." Kisha akamgeukia jirani yake kwa sauti tamu kuliko uji wa mgonjwa. "Mama Jilala, wewe utakaa mbele. Najua macho yako yanapendaga kuona mambo karibu."

Ndipo alipoagiza mtandao wa nyumbani. Mafundi walikuja Alhamisi, wakapitisha waya mwembamba ukutani, wakauliza rauta ikae wapi. Wao walipendekeza sebuleni. Hyasinta aliwaangalia kama wamependekeza kulaza ng'ombe sebuleni. Kitu cha thamani, chenye taa zinazopepesa, kikae mahali ambapo kila apitaye njiani anakiona? Ikawekwa chumbani kwake, juu ya meza ndogo ya kando ya kitanda. Walipouliza mtandao uitwe nani, alijibu bila kufikiri: "Kwa Marehemu Bernado." Fundi mdogo akacheka, akaona macho ya mama, akaacha kucheka, akaandika.

Ulifanya kazi vizuri. Alhamisi ile ile alimwona Gloria kwenye simu, uso wote, hata kovu la paji la uso.

Jumapili asubuhi lilimjia wazo. Wageni watajaa. Wanawake wenye watoto wachanga watawalaza kitandani kwake kama ilivyo desturi, na watu wataingia na kutoka humo kuwaangalia, na mikoba itarundikwa mezani. Mkono mmoja tu wa udadisi ungetosha. Chini ya dirisha lilikuwapo tranka lake la chuma, alilobeba tangu akiwa msichana wa bweni, lenye kufuli na tundu la kutu kwenye kona moja. Akachomoa nyaya, akazipitisha kwenye lile tundu, akazichomeka tena ndani kwa mpangilio ule ule aliouonyeshwa na mafundi, akailaza rauta juu ya vitenge vyake vya heshima. Taa zikawaka. Akafunga kifuniko, akapiga kufuli, akafurahi. Redio ya Bernado ilikuwa ikiimba ndani ya kabati la mbao miaka yote bila kulalamika. Kwa nini hii ilalamike?

Kufikia adhuhuri sebule ilikuwa imejaa hadi mlangoni. Katekista Baltazari alikaa kwenye kiti chenye mito. Mama Jilala alikaa mbele, kama alivyoahidiwa, miguu imenyooshwa. Hilda, binti mkubwa wa Hyasinta, aliwasha televisheni. Kiduara kikatokea katikati ya kioo, kikazunguka. Kikaendelea kuzunguka.

"Inatafuta," alisema Hilda.

"Itafute tu," alisema Mama Jilala. "Italia ni mbali."

Baada ya muda maandishi yakatokea: hakuna mtandao. Mtu akakohoa. Hyasinta aliona jinsi Mama Jilala alivyogeuza shingo taratibu, akitafuta mtu wa kubadilishana naye macho, na jinsi alivyompata.

"Haya mambo yanatokeaga," Mama Jilala akasema kwa huruma kubwa. "Hasa ukitaka kuonyesha watu kitu."

Sasa, nyumba ile ilikuwa na mtaalamu. Machage, mume wa Hilda, alikuwa fundi wa madishi ya televisheni mjini Bunda, na alikuwapo siku ile. Hakuwa sebuleni lakini. Kwao na kwa akina Hyasinta pia, mkwe wa kiume hakai chumba kimoja na mama mkwe, hamtazami usoni, hazungumzi naye ana kwa ana. Na chumba anacholala mama mkwe, hata akiambiwa kinaungua, atasimama nje na kupiga kelele. Machage alikuwa uani, chini ya kivuli cha tangi la maji, akingoja chakula chake kama mkwe mwenye adabu.

Hyasinta akatoka na Hilda hadi mlango wa nyuma, akasimama akiwa ametazama banda la kuku. Machage akainuka, akatazama tangi.

"Hilda," alisema Hyasinta, ingawa Machage alikuwa hatua chache tu, "muulize mumeo kama anaelewa habari za mtandao."

"Hilda," Machage akaliambia tangi, "mwambie mama asiwe na wasiwasi. Hiyo ni kazi yangu. Rauta iko wapi?"

Hilda akafungua mdomo. Mama yake akamtazama. Kumweleza mkwe kilichomo chumbani kwake, tena ndani ya tranka, tena juu ya vitenge! Hilda akafunga mdomo.

"Mwambie iko mahali pake," alisema Hyasinta.

"Basi kama iko mahali pake, shida iko juu," Machage akasema, mwenye uhakika kama mtu aliyepanda mapaa yote ya Bunda. "Mwambie mama, hapa dishi limesogea. Upepo wa ziwani huu! Nileteeni ngazi."

Dishi lile lilikuwa la televisheni ya zamani, na kwa mtandao lilikuwa na uhusiano uleule walionao kuku na uchaguzi mkuu. Lakini Machage alikuwa mtu wa madishi, na mtu wa madishi huona dishi kila mahali. Akapanda. Bati likaanza kulia, ngurumo kwa ngurumo, juu ya vichwa vya wageni.

"Vipi huko?" alipaza sauti.

"Bado!" sebule nzima ikaitika.

Huko Italia Misa ilikuwa imeshaanza. Hyasinta aliingia chumbani, akafunga mlango, akasimama. Kitandani watoto wachanga watatu walikuwa wamelala kama samaki waliopangwa kwenye treya. Alijua jambo moja: kama Gloria asingeonekana leo, mapacha wale wangepata majina kabla ya jioni, na marehemu Bernado angekuwa babu yao. Kama aibu ilikuwa inakuja, isimkute na gauni la jikoni. Akapiga magoti mbele ya tranka, akafungua kufuli, akainua kifuniko avute kile kitenge cha zambarau.

Sebuleni wakashangilia.

"Imekuja! Imekuja! Waone masista!"

"Hapo hapo!" Machage akanguruma kutoka juu. "Mtu asiniguse!"

Hakuna mtu aliyekuwa karibu naye hata nusu ya paa. Hyasinta akavuta kitenge na kukishusha kifuniko.

"Aaaah!" sebule ikalia. "Imekata!"

Juu, bati likalia vibaya. "Si nimesema msiniguse?"

Hyasinta alibaki amepiga magoti, kitenge mkononi. Alikuwa mwalimu; hakuhitaji kuambiwa jambo mara mbili, ila alipenda kulihakikisha. Akainua kifuniko. Shangwe. Akakishusha. Kilio. Akakiinua nusu, sebule ikasita, sauti ya kwaya ikaja vipande vipande kama mtu anayeimba huku akitafuna muhogo. Na kila mara, kule juu, mtu alikuwa akisukuma dishi kushoto na kulia na kulitaja jina la Mungu.

Lazima isemwe kwamba alirudia zaidi ya ilivyohitajika. Mara ya mwisho alikishusha kwa sababu tu alisikia Mama Jilala akisema, "Aa, hata hivyo sijamwona Gloria humo."

Kisha akakiinua moja kwa moja, akakiegemeza kwa mkongojo wa marehemu, akavaa kitenge, akatoka.

Sasa aseme nini? Aseme tatizo lilikuwa tranka, na kwamba yeye, mwalimu mkuu mstaafu, alilifunga mwenyewe? Na mkwe, aliyepanda juu ya bati la adhuhuri mbele ya jumuiya nzima, ateremke akiwa nani? Mkwe akichekwa, aliyemwoza binti anachekwa pia. Akaenda mlango wa nyuma, akawatazama kuku.

"Hilda, mwambie mumeo ashuke. Mwambie Mungu ambariki. Pale alipolishika ndipo penyewe."

"Hilda," paa likajibu, likihema, "mwambie mama nilijua tangu mwanzo!"

Ingeishia hapo, kama Machage asingekuwa na furaha kupita kiasi. Alipokuwa akishuka ngazi alipaza sauti kuwaambia vijana na wazee waliokuwa uani kwamba mtandao wa mama mkwe wake hauna uchoyo, na neno la siri, aliloambiwa na Hilda, ni MugangoYetu, herufi kubwa mbili. Simu zikatoka mifukoni kama dagaa kwenye taa. Aliyekuwa na deni la kumsalimu shangazi Mwanza alimpigia kwa video. Mwingine alipakua filamu. Na kwenye televisheni, wakati ule ule masista watano waliovaa nyeupe walipopanga mstari mbele ya altare, na wa nne akainua uso, na Hilda akapiga kelele "Huyo! Gloria huyo!", picha ikaganda.

Gloria alikwama, mdomo wazi, jicho moja limefumba.

Mama Jilala akasogea mbele hadi pua yake ikakaribia kioo. "Ndiye huyu? Mbona hasogei? Mwalimu, hii siyo picha tu? Picha hata mimi ninazo."

Hyasinta aliangalia sebule yake. Nyuso zote zilikuwa zimeinama, zimemulikwa kwa chini na vioo vya simu. Kuwaambia wageni watoke kwenye mtandao wake? Wangeuita uchoyo, na uchoyo haujawahi kutajwa pamoja na nyumba ile. Akasimama mbele ya televisheni, akaunganisha mikono.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina," wakaitika, macho bado chini.

"Ndugu zangu, hii si filamu. Hii ni Misa Takatifu. Nilifundishwa kwamba mbele ya altare hata mazungumzo ya kando ni kosa, sembuse simu. Au sheria zimebadilika? Katekista, nisaidie, mimi ni mwalimu wa hesabu tu. Mtu aweza kushika simu inayowaka wakati mtoto wa watu anajitoa kwa Mungu?"

Katekista Baltazari, ambaye kwenye simu yake mpira ulikuwa dakika za mwisho, aliifunika kwa kiganja. "Haiwezekani," alisema kwa uchungu wa kweli. "Zimeni. Zimeni kabisa, wapendwa. Wa uani pia!"

Zikazimwa moja moja. Kwenye kioo jicho la Gloria likafumbuka. Mdomo ukasogea. Akapiga magoti, akashika karatasi, na kwa ruhusa ya wakubwa wake akaanza kwa lugha ya nyumbani kabla ya kuendelea kwa Kiitaliano: "Mimi, Sista Gloria, binti wa Bernado na Hyasinta wa Musoma..."

Hyasinta hakusikia mengine. Alikuwa amekaa chini, kwenye mkeka, jambo ambalo halikuwahi kutokea mbele ya wageni, na kitenge cha zambarau kilikuwa kimefunika uso.

Kigelegele cha kwanza, haki ya Mungu, kilitoka kwa Mama Jilala. Kilikuwa kirefu, chenye nguvu, cha mwanamke anayejua kwamba ameshindwa na ameamua kushindwa kwa sauti kubwa kuliko wote. Alipomaliza alimshika Hyasinta mkono. "Mama Gloria, mtoto wako anang'aa. Aliyesema maneno yale ashindwe."

"Ashindwe," Hyasinta alikubali, akiwa ametazama jicho la aliyeyasema.

Chakula kikatoka. Firigisi na paja vilikwenda uani, kwa mkono wa Hilda, hadi kwa Machage, ambaye alikuwa akiwasimulia wazee jinsi mawimbi ya Italia yanavyopita juu ya ziwa na kwa nini dishi lazima lilale kidogo kuelekea Ukerewe. Kila mara alipoanza upya, dishi lilikuwa limelala zaidi.

Mama Jilala alisikiliza kwa makini, mfupa mkononi. Kisha akarudi ndani na kumwinamia mwenye nyumba. "Mwalimu, na mimi nimeweka mtandao kwangu tangu Pasaka, unasuasua. Hebu niambie kweli. Huyu mkwe wako alifanyaje hasa huko juu?"

Hyasinta alipangusa vidole vyake kimoja kimoja.

"Mama Jilala, nitajuaje?" alisema. "Mimi na mkwe hatuzungumzi."