Riwaya Niliyomsomea Baba

Wenzangu mliomaliza kidato cha nne kabla simu hazijafika Maretadu, ninyi mnaijua likizo ninayoisema. Siku hizi mtoto akimaliza mtihani anapikiwa pilau, anapigwa picha, kisha analala mpaka saa nne asubuhi kwa sababu eti ubongo umechoka. Sisi ubongo wetu ulipumzishwa kwa jembe. Mtihani unaisha leo, kesho uko shambani na baridi ile ya Mbulu inayouma vidole, unapanda mahindi na maharage, na hakuna anayekuuliza maswali yalikujaje.

Mimi nilitaka kusoma. Siyo madaftari, hayo nilishayachoka, nilitaka hadithi. Rafiki yangu Zuhura, ambaye baba yake aliuza vitenge Dongobesh, aliniazima riwaya isiyo na jalada, ya binti mmoja Salome aliyependwa na dereva wa lori na pia na mwalimu. Sharti lilikuwa moja: siku ya mnada, soko la kila mwezi, kitabu kirudi, tena kizima. Nikawa nakificha ndani ya kanga, nakisoma nikichunga, nikichochea moto, nikisonga ugali mpaka ukaungua.

Balaa likaanzia hapo. Kwa watu wetu kitabu kilikuwa cha mtihani. Mtihani ukiisha, nacho kimeisha kazi. Anayeonekana bado anasoma, basi ameshajijua kuwa amefeli. Shangazi alikuja mbio, hata shikamoo yangu aliiitikia nusu. "Pole mwanangu," akasema. "Mungu yupo, utarudia." Majirani nao wakaanza kumtazama mama kwa huruma, kama mtu aliyefiwa na ng'ombe wa maziwa.

Jioni ile baba akaniita. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache.

"Mtihani umeisha. Unasoma nini?"

"Kiswahili, baba. Cha kidato cha tano."

"Vizuri. Kaa hapa, soma nisikie."

Akijua ni mapenzi, kitabu kinaingia motoni. Zuhura nitamwambia nini, na nitajuaje Salome kaolewa na nani? Nikaanza kusoma pale jikoni, baba na kikombe chake cha maziwa. Kila Salome alipokumbatiwa, mimi nikasoma "wakasalimiana." Walipobusiana, "wakasalimiana tena, wakaulizana habari za nyumbani." Baba akatikisa kichwa, ameridhika kabisa.

"Huyu binti amelelewa," akamwambia mama. "Siyo hawa wetu, wanapita watu wazima kama wanapita miti."

Ikawa ndiyo desturi. Ng'ombe wakishakamuliwa, baba anakohoa: "Lete Kiswahili." Yule dereva wa lori baba alimchukia waziwazi, mwalimu akamwombea dua kabla ya chakula. Shangazi aliporudi na pole zake aliambiwa akae, anyamaze, asikilize. Akakaa, na kesho yake akaja mapema.

Jioni ya kuamkia mnada nilitoka kisimani nikamkuta baba amevaa miwani, kitabu mapajani, kidole kinafuata mistari na midomo inatembea. Nilisimama mlangoni na ndoo yangu kichwani. Nilijua yamekwisha, na niliogopa hasa.

Hakugomba. Alivua miwani, akaninyooshea kitabu. "Kaa, tumalizie."

Nikasoma hadi pale mwalimu alipomvuta Salome karibu nyuma ya ghala. Nikakwama. Baba akautazama moto.

"Hapo wasalimiane," akasema, "twende mbele."

Mama alicheka mpaka akatoka nje. Salome akaolewa na mwalimu, kitabu kikarudi Dongobesh kizima, na mwaka huo hakuna mzee wa kanisa aliyeuliza tena binti yake anasoma nini.

Mwanangu naye amemaliza kidato cha nne. Juzi nilimwomba anisomee kidogo, chochote tu. "Nitakutumia linki, mama," akasema. Akanitumia kweli, naye yuko chumba cha pili.

Baba tulishamzika. Leo nina kabati zima la vitabu, nasoma nitakacho, hakuna wa kukitia motoni. Nikifika ukurasa wa mwisho nageuka nitafute wa kumwambia walivyoishia. Kisha nakifunga, nakirudisha kabatini.