Sakafu ya Karatasi

Sakafu ya karatasi iliyopakwa mafuta, ikipashwa moto kutoka chini, hutoa harufu ya maharage yanayoanza kuungulia, ikichanganyika na moshi wa kuni na kitu kingine nisichojua nikiite nini, labda jasho la mtu aliyelala hapo jana. Siku hizi watu wanailipia harufu hiyo. Ofisini kwetu hapa London kuna dada mmoja aliyekwenda Korea mwaka jana akalala siku mbili katika nyumba za jadi za huko, zile za mbao na udongo zenye madirisha ya karatasi, wanazoziita hanok. Amerudi ameokoka. Hawezi kunywa chai bila kutueleza jinsi kulala chini kulivyomfundisha utulivu, na amenionyesha picha ya godoro lake kwa pembe nne tofauti. Mimi nililala humo usiku sita nikiwa na miaka kumi, na nilichojifunza hakikuwa utulivu. Huwa namsikiliza hadi amalize, namwambia picha ni nzuri, kisha narudi mezani kwangu.

Tulikwenda Korea kwa sababu ya majivuno ya baba, na sitatafuta neno la heshima zaidi. Tulikuwa tukiishi Hounslow, jirani na uwanja wa ndege wa London, mahali ambapo ndege hupita chini kiasi kwamba mtu hukatiza maneno, husubiri, halafu huendelea. Baba alikuwa akipakia mizigo kwenye ndege, kazi halali na ngumu iliyotulisha sote, lakini yeye hakuridhika nayo hata siku moja. Kwa watu wa Tanga alikuwa "kwenye mambo ya urubani." Kwenye harusi za Watanzania wenzetu alivaa kitambulisho cha kazini shingoni, juu ya suti. Kazi hiyo ilitupa jambo moja la maana: mara moja kwa mwaka familia nzima ilipata tiketi za wafanyakazi kwa bei ya chini, kwenda popote. Na mama, ambaye kutwa alishinda akiwaogesha na kuwalisha wazee wa Kiingereza majumbani mwao, alikuwa na ombi moja tu. Mama yake huko Tanga alikuwa ameanza kusahau. Siku moja alimwuliza kwenye simu mara tatu kama ameshajifungua salama, na mtoto aliyekuwa akimwulizia ni mimi, wa miaka kumi, niliyekuwa nimesimama pale pale nikisikiliza.

"Nataka anione wakati bado ananijua," mama alimwambia baba.

"Tanga ipo tu, haiendi popote," baba akajibu. "Kila mtu hapa anakwenda nyumbani. Nitajie Mtanzania mmoja aliyelala kwenye nyumba ya kifalme ya Korea. Mwakani Tanga, nakuahidi." Nyumba hizo alikuwa ameziona kwenye televisheni, na hazikuwa za kifalme. Tulikwenda wiki ya likizo ya katikati ya muhula, mwezi wa Oktoba, sisi wanne: baba, mama, kaka yangu Hamisi wa miaka kumi na mitatu, na mimi.

Nyumba yenyewe ilikuwa katika mji mdogo wenye vilima, ya bibi mmoja mjane aliyekuwa akipangisha vyumba viwili. Chini ya paa, baraza nzima, yalining'inia matunda ya rangi ya machungwa, yamemenywa na kutungwa kwenye uzi yakauke. Milango ilikuwa mifupi. Baba alijigonga kichwa siku ya kwanza mara nne, na kila mara aliitazama boriti kwa hasira, akingoja iombe radhi. Viatu tuliviacha nje, tukaingia kwenye chumba kitupu kabisa, bila kitanda wala kiti, na joto likapanda kwenye nyayo. Kukaa chini kulimshinda baba. Magoti yake hayakukunjika, basi akanyoosha miguu mbele na kuegemea ukuta kama mtoto anayengoja uji, na kutoka hapo akatuhutubia. Alituambia maana ya kila dirisha, kila mto na kila bakuli, akalizulia taifa zima historia yake, na sisi watoto tulimwamini, au tuseme mimi nilimwamini, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza kupanga jinsi nitakavyowaringia wenzangu darasani. Hamisi alinuna tu.

Mama peke yake ndiye aliyejua kukaa. Alikunja miguu upande mmoja alivyozoea kwenye mkeka wa kwao, akala taratibu, akalala fofofo. Hakuwa na neno hata moja la Kikorea, na bibi mwenye nyumba hakuwa na neno la lugha yoyote tuliyoijua, lakini kufikia siku ya pili walikuwa wakipeana vitu bila kuonyeshana kwa vidole. Alfajiri bibi alikuja kukunja magodoro akakuta yameshakunjwa. Kwa mama, mtu anayelala kwa watu siku zote hizo bila kugusa kazi ni mtu asiye na haya. Alikuwa akitafuta cha kufanya, na asubuhi ya siku ya tatu akakipata.

Bibi alikuwa amekwenda sokoni, na baba alikuwa ametutoa nje kutupiga picha langoni, kwa hiyo hakukuwa na wa kumzuia. Mama alifunga kanga kiunoni, akatafuta ndoo nyuma ya nyumba, akapiga deki. Deki ya Tanga, ya sakafu ya saruji: maji yanamwagwa kwanza, halafu unainama na tambara na kurudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Hounslow tulikuwa na zulia kila chumba, na nadhani alikuwa na hamu nayo ya miaka mingi. Niliporudi kuchukua koti nilimkuta kizingitini amelowa hadi magotini, anaimba kwa sauti ya chini, na sikuwa nimewahi kumsikia akiimba London. Sakafu ile ilikuwa karatasi nene, tabaka juu ya tabaka, iliyogandishwa na kupakwa mafuta, na hufutwa kwa kitambaa kilichokamuliwa sana. Maji yalikuwa yameshaingia kwenye maungio. Kwa kuwa chini yake moto ulikuwa ukiwaka, karatasi ikaanza kuvimba malengelenge, kisha kingo zikanyanyuka.

Baba alifika pamoja na bibi, mmoja kutoka langoni, mwingine kutoka sokoni na kikapu chake. "Mama Hamisi! Umefanya nini? Nyumba ya watu hii!" Halafu akamgeukia bibi, akainama mara tano au sita, akamweleza kwa Kiingereza, ambacho bibi hakukielewa, kwamba mke wake ni mtu wa shamba na yeye asilaumiwe. Baba mwenyewe alizaliwa Tanga mitaa miwili kutoka kwa akina mama, kwenye sakafu za namna ile ile.

"Nilitaka kumwachia mwenzetu pasafi, Baba Hamisi," mama alisema.

Bibi aliweka kikapu chini. Alilibonyeza lengelenge moja kwa kidole cha mguu, akavuta pumzi ndefu, na kwa uso wake hakufurahi hata kidogo. Kisha akaingia stoo akatoka na karatasi nene iliyoviringishwa, akabandika sufuria ya unga na maji jikoni kupika gundi, akarudi na brashi mbili. Moja akampa mama. Sisi tulihamishiwa chumba cha pili, na kwa siku mbili wale wanawake walibandua, wakapaka gundi na kubandika upya, wamepiga magoti bega kwa bega. Asubuhi ya kwanza mama aliniita: "Salma, mwanangu, baki unishikie karatasi." Nilimjibu kwa Kiingereza, kama tulivyokuwa tukimjibu siku zote, kwamba sikuja Korea kufanya usafi. Nikaenda na baba. Alikodi joho la hariri na kofia ndefu nyeusi ya watu wakubwa wa zamani, akasimama mbele ya lango la hekalu akiwa amekunja uso kwa busara, na Hamisi akampiga picha mpaka betri ikaisha. Leo nikiitazama picha hiyo naona mtu aliyevaa pazia la mwenzake.

Baba alipenda kura. Alisema nyumba yetu ni ya kidemokrasia, maana yake tulipiga kura juu ya mambo aliyokwisha kuyaamua. Asubuhi ya mwisho tulikuwa tumeizunguka meza fupi, bakuli za wali na supu mbele yetu, mama akauliza: "Na mwakani, Baba Hamisi? Uliniahidi Tanga."

"Nimpeleke wapi mtu asiyejua kukaa kwa watu?" baba akasema, akicheka, akitutazama sisi tucheke naye. "Lakini mimi si dikteta. Tupige kura. Tanga au Dubai." Akaapa mbele yetu kwamba ikitoka Tanga, ni Tanga. Kura zikilingana, yake ingehesabiwa mbili, kwa kuwa tiketi ni zake. Mama akanyoosha mkono kwa Tanga. Hamisi, ambaye hakuwa amesema neno jema tangu tuondoke Hounslow, akanyoosha wake pia bila kumtazama mtu. Wakabaki wananingoja mimi.

Ningeweza kuandika hapa kwamba nilikuwa mtoto na sikuelewa. Nilielewa vizuri sana. Nilijua bibi yangu anasahau, na nilijua kwa nini mama ana haraka. Nilitazama kucha zake zilizojaa gundi iliyokauka, nikasikia kanga yake inanuka moshi, nikamwonea haya, na nikawaza mabwawa ya Dubai yenye mabomba ya kutelezea. Nikanyoosha mkono upande wa baba. Baba akapiga makofi. Mama hakunikemea, wala hakunikata jicho. Alichukua kijiko akaniongezea wali.

Dubai kulikuwa na joto na maduka, na nimesahau karibu yote yaliyobaki. Tuliporudi mama alianza kuchukua zamu za Jumamosi na Jumapili pia, na mwaka uliofuata alijinunulia tiketi yake akaenda Tanga peke yake, mwezi mzima. Hatukumwuliza mengi aliporudi. Alisimulia mwenyewe, siku moja akikunja nguo. Bibi yangu alimpokea kwa furaha, akamtandikia mkeka mzuri, akamhimiza ale, kisha akamwuliza kwa adabu, "Wewe mwanangu ni mtoto wa nani?" Mama akamweleza. Kesho yake asubuhi akaulizwa tena, akaeleza tena, na hivyo hivyo kila asubuhi hadi siku ya kuondoka. Mwaka uliofuata bibi alifariki.

Baba sasa amestaafu, na ile picha ya joho iko sebuleni kwao Hounslow, imewekwa kwenye fremu ya dhahabu. Kila mgeni hukalishwa chini yake na kusimuliwa usiku sita katika kasri la Korea. Pembeni yake kuna picha nyingine, baba, Hamisi na mimi tumesimama kwenye ngazi za hekalu, na daima hutokea mgeni wa kuuliza mama alikuwa wapi. "Ndiye aliyekuwa akitupiga picha," baba husema, wala hapepesi macho, na mama yuko jikoni anasikia. Namdharau kwa hilo. Ningemdharau kwa raha zaidi kama mkono ule wa kura usingekuwa wangu.

Mimi sasa nina mshahara mzuri, na naweza kupanda ndege kwenda ninakotaka bila kumwomba mtu wala kupigiwa kura. Hata Kiswahili nimekirudia ukubwani, neno kwa neno, mama akinisahihisha bila kucheka, baada ya miaka yote niliyomjibu kwa Kiingereza. Idi iliyopita, wageni walipoondoka, tulibaki sisi wawili jikoni, mimi naosha vyombo, yeye anafuta. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima. Nikamwambia, "Mama, nataka nikupeleke Tanga. Mimi na wewe tu. Siku yoyote utakayoitaka."

Alilifuta bakuli hadi likakauka, akaliweka kabatini, akafunga mlango wa kabati. Hakuwa na uchungu wowote usoni. Aliniuliza kwa upole, akitaka jibu kweli:

"Kwenda kwa nani?"