Bidoni ya Javeli katika Shimo la Mukendi

Aibu hii nimeibeba miaka mingi, na walioiona wengine wangali hai, basi heri niisimulie mwenyewe kabla hawajainogesha. Mnanijua: mi niliacha shule darasa la tatu, nikajijengea nyumba ya matofali ya kuchoma hapa Manika, na sijawahi kukosa jibu (hata pasipo swali).

Mwaka ule kampuni ya mgodi ilipoanguka, mabomba yakakauka, tukabaki na maji ya mfereji wa mgodi, yenye shaba inayoua lengalenga, na mboga hiyo ndiyo ilikuwa imebaki kwenye sahani zetu. Jirani yangu Mukendi, fundi wa laboratwari, akachimba shimo, akajaza mavi ya mbuzi na vumbi la mbao, akalifunika, akayapitisha maji mle. Alisema ndani mna vidudu visivyoonekana, vinaikamata shaba na kuiacha chini. Kweli, avenyi nzima, mtaa wetu wote, ikala mboga. Kisha wenyeji wa mkoa wakaanza kuwafukuza watu waliotoka Kasai, Mukendi akiwa mmoja wao. Mukendi na familia yake wakaenda kulala gare wakingoja treni, na mi niliyekula mboga zile nikanyamaza. Aliniachia shimo na onyo:

“Tata, usifunue, usisafishe. Ile harufu njo kazi yao.”

Nilisikia basi? Wiki haikuisha nikawa natangaza kwamba shimo ni akili yangu, nikamwalika shefu wa kartie, mkuu wa mtaa, aje kuona Jumapili baada ya misa, halafu nikaona haya kwa ile harufu ya mayai yaliyooza (mtu mkubwa kama mi), nikamwagamo bidoni nzima ya javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo na kuua vijidudu. Likanukia kama hospitali.

Jumapili, watu wamejaa, nikachovya kisu katika maji yanayotoka, maana huku kwetu hata mtoto anajua: maji yakiwa na shaba, chuma kinageuka chekundu. Nikahubiri wee, nikakitoa. Chekundu kama tofali.

“Sasa tata, ile akili yako iko wapi?” shefu akauliza.

“Lengalenga yetu itakufa,” mama mmoja akasema. “Enda kwa Mukendi. Enda sasa.”

Nikaenda gare na suti yangu, mbele ya wale waliofukuzwa, walewale niliokuwa nikiwapita bila salamu, nikakiri kwamba nimeua vidudu. Mukendi akacheka mpaka mkewe akaamka.

“Banatufukuza sisi batu, na we unafukuza hata tududu twetu?” Kisha, polepole: “Tia matope ya kinamasi na mavi mapya. Ungojee mwezi.”

Tulikula bukari, ugali wetu, kwa chumvi mwezi mzima. Treni yao iliondoka kabla maji hayajatakata. Siku hizi mtu akiuliza shimo lilikuwa akili ya nani, nasema ya Mukendi, tena haraka, kabla ulimi wangu haujapata wazo lingine.